Mtaa wa Mawe Niliouona Mimi Kwanza

Wageni wakipandishwa Newala siku hizi kuonyeshwa ule mtaa wa mawe ulioko ukingoni mwa mlima, wanaambiwa uligunduliwa na mwanyumba wangu. Mwalimu wa shule huwapanga watoto mbele ya nyumba ya kwanza, akawasimulia jinsi kijana mmoja mwenye akili alivyolipekua pori mpaka akaufichua mji wa kale. Watoto wanapiga makofi. Siku moja nilikuwa nimesimama pale pale na mzigo wa mbaazi kichwani, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Basi nasema, kwa maandishi yangu haya ya darasa la pili, kwamba ni uongo. Mwalimu simlaumu, yeye kaambiwa. Muongo ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Jina lake siliandiki, maana wajukuu zake wanakula kwangu, na mmoja amelala chumba cha pili hapa ninapoandika. Lakini mtu akifika kijijini akauliza mwanyumba wangu alikuwa nani, hata mtoto atampeleka mpaka kaburini kwake. Huyo ndiye aliyeuchukua mtaa wangu, na huyo ndiye aliyeniunguza. Sikio langu la kushoto limebaki kipande kwa ajili yake.

Kwetu ni Lupaso, chini huko Masasi. Mke wangu nilimpata Nanganga, alikokwenda kumsaidia mama yake mdogo aliyekuwa akiuza vitumbua kando ya barabara. Nilikula vitumbua mpaka tumbo likanikataa, ndipo akakubali. Desturi ya kwao na ya kwetu ni moja, mwanamume ndiye anayehama. Nikapanda mlima na mundu wangu, shoka na mkeka, nikahamia ukweni. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, bendera yake bado iko bomani, ila vijana walishaanza kunong'ona.

Nilichokikuta kule juu ni kiu. Kwetu Lupaso kisima unakiona ukiwa umekaa mlangoni. Kule mlimani wanawake wanatoka jogoo la kwanza, wanateremka genge lote mpaka bondeni, wanachota, wanapanda tena na mitungi kichwani, na wakifika nyumbani jua limeshakuwa kali. Mama mkwe wangu alikuwa mtu mzima, magoti yanamlilia, naye alikuwa akiteremka kama wengine. Akirudi, maji ya kunawa unapimiwa kwa kata, na ukimwaga unasikia watu wanaguna.

Mwanyumba wangu alinitangulia kuoa pale. Alitoka Mnyambe, mlima huo huo, darasa la nne, na alikuwa amefanya kazi Nachingwea kwenye yale mashamba makubwa ya karanga. Alirudi na shati la kaki la mifuko miwili na baiskeli. Mfuko mmoja ulikuwa na kalamu isiyokuwa na wino. Baiskeli, kwa mchanga wa kule, aliisukuma zaidi kuliko alivyoipanda. Lakini watu waliona baiskeli na waliona kalamu. Na alikuwa na watoto watatu. Mimi sikuwa na hata mmoja.

Hilo la watoto si dogo. Mkwe mpya hamwoni mama mkwe. Akikutana naye njiani, anaingia porini mpaka apite. Hasemi naye, hali mbele yake, hata kukohoa karibu na jiko lake ni aibu. Mpaka azaliwe mtoto wa kwanza, zipelekwe nguo na jembe, ndipo mama mkwe anakufungulia mdomo. Mwanyumba alishafunguliwa zamani. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kibanda changu nyuma ya ua, namsikia anavyoingia jikoni kwa mama mkwe kama kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimeonja tu."

"Basi kaa, ukoko wako huu hapa."

Ukoko! Mimi chakula kililetwa kimefunikwa, kimepoa. Kila nilipofunua bakuli nilitazama kwanza kipande cha samaki. Samaki mkavu wa pwani alikuwa mmoja kwa nyumba zote, na kila mara nilikuta mkia. Mkia unajua una nini? Mwiba na chumvi. Kichwa, chenye mafuta, kilikwenda kwa mwanyumba. Mke wangu aliniambia, "Wewe unaoa samaki au unanioa mimi?" Lakini sikuweza kuacha kutazama.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Kabla yangu mke wangu alikuwa na mume mwingine, mtu wa huko huko mlimani. Hakupata mtoto, na shamba lake lilikuwa la kubabaisha, basi asubuhi moja alikuta mkeka wake umekunjwa umesimamishwa mlangoni. Hakuna ugomvi wala baraza. Ukiona mkeka umesimama, unaubeba na kwenda kwenu. Kila asubuhi nikiamka nilitazama mlangoni kwanza.

Mwenye kugawa mashamba alikuwa mjomba wa mke wangu, kaka yake mama mkwe. Aliniita mbele ya watu.

"Mkwe, wewe utafyeka kule ukingoni, ilikopandia njia ya zamani ya wapagazi."

"Kule kwenye mawe, mjomba?"

"Kwani wewe si umetoka Masasi kwenye majabali? Mawe si ndugu zako hayo? Kawasalimie."

Watu wakacheka. Mwanyumba alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanyumba, mgongo ukikushinda uje uazime wangu," akasema. Shamba lake yeye lilikuwa la mchanga mwekundu, mikorosho imeshaanza kuzaa, na kulifikia ni kutembea bila kutoa jasho.

Nilianza kufyeka baada ya mavuno. Pori la kule limesukana kama kikapu. Unakata, unavuta, unakata tena, na jioni ukigeuka kutazama ulikoanzia unaona ungeweza kutema mate yakafika. Nilikuwa nachimba ming'oko, viazi vya porini, humo humo, nachemsha, nakula, ili nisirudi mchana kukutana na ule mkia.

Siku ya mtaa nilikuwa nafuata mzizi wa mng'oko. Jembe likagonga jiwe. Nikachimba pembeni, likagonga jingine, limekaa sawasawa na lile la kwanza, kisha jingine juu yake limerudi nyuma kidogo. Jiwe la Mungu halikai hivyo. Nikaacha mng'oko, nikashika mundu, nikakata kama mtu anayefukuzwa. Ilikuwa ngazi. Juu ya ngazi palikuwa na baraza, na nyuma ya baraza mlango, mfupi, nikaingia nimeinama.

Ndani hapakuwa na paa, matawi ndiyo yaliyoezeka. Ukuta ulikuwa na chokaa, na ndani ya chokaa nikaona vipande vya kombe. Pwani ile ilikuwa imebebwa kwa vichwa vya watu mpaka huku juu. Palikuwa na shubaka la taa, na masizi yake bado yapo. Nikayagusa, yakanibaki kidoleni. Kwenye ukuta wa nyuma, chini, palikuwa na pete ya chuma nene kama kidole gumba. Nikadhani ya kufungia punda.

Nilitoka kwa mlango wa pili, na hapo ndipo nilipopiga magoti, si kwa kusali, ni kwa sababu matawi yalikuwa chini. Palikuwa na njia ya mawe katikati ya nyumba na nyumba. Nyumba upande huu, nyumba upande ule, mabaraza yanatazamana, na mfereji mdogo wa mawe katikati. Nikatambaa. Njia ikakata kona. Mimi mpaka siku hiyo nilikuwa nimeuona Masasi, barabara moja na vumbi lake, na Newala bomani vivyo hivyo. Mtaa wenye kona, ambao hujui nyuma ya kona kuna nini, sikuwa nimeuona. Nyuma ya kona palikuwa na nyumba nyingine, kubwa, yenye ghala, na mlangoni umebaki mwimo mmoja wa mti uliochongwa maua, mchwa wamekula upande.

Nitasema kweli, nilijigawia. Ile kubwa nikasema yangu na mke wangu. Ya mkabala nikampa mama mkwe. Mjomba nikampa ya pembeni iliyobomoka, kwa ajili ya lile neno lake la majabali. Mwanyumba sikumpa nyumba.

Mfereji ndio uliokuwa na maana kuliko vyote. Niliufuata mpaka mwisho wa mtaa, ukaingia chini ya ardhi kwenye tundu. Nikaondoa majani, nikaona ngazi za kuteremka. Ilikuwa birika, kubwa kama nyumba, imeezekwa mawe kama tumbo la mtungi uliopinduliwa, na chini yake maji. Yalifika magotini, meusi, yananuka popo na majani, lakini maji, mwisho wa kiangazi, juu ya mlima! Nikachota kwa kiganja. Nikawaona wanawake wote wa ukweni wamelala mpaka kunakucha. Nikamwona mama mkwe ameketi na magoti yake. Nikawaza, sasa nani atakunja mkeka wangu?

Kilichobaki kilikuwa kumwambia, na hapo desturi ikanifunga. Neno la mkwe mpya hupitia kwa mkewe, na mke wangu alikuwa ameshuka Nanganga kumuuguza mama yake mdogo. Mke asipokuwapo, neno hupitia kwa mkwe aliyekwisha kufunguliwa. Kwa mjomba halipiti, kwa jirani halipiti. Mkwe aliyefunguliwa pale alikuwa mmoja tu.

Nilimkuta anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli.

"Mwanyumba, nina neno la kumpelekea mama."

"Umeshindwa shamba?"

"Nimepata maji."

Mkono ukasimama. "Maji ya wapi?"

"Kwenye birika. Ndani ya mji."

"Mji? Mwanyumba, umekunywa uraka wa nani asubuhi yote hii?"

"Twende ukaone."

Nilimpeleka. Nilimwonyesha ngazi, shubaka, kona na ule mwimo wa maua. Mwanzoni alifanya utani, anabisha hodi kwenye kila mlango, "Wenyewe mpo? Wageni wa karanga tumefika!" Kisha utani ukamwisha. Birikani alikaa kwenye ngazi ya mwisho, akaniangalia, akasema, "Mwanyumba, tumepata." Mimi nilikuwa natoa miiba kiganjani.

Jioni hiyo, jua bado lipo, alikwenda jikoni kwa mama mkwe na kibuyu cha maji ya birika. Mimi nikakaa nyuma ya ua, karibu kiasi cha kusikia, mbali kiasi cha heshima. Nilitaka kulisikia neno langu likifika.

"Mama, nimekuletea zawadi," alisema. "Nilikuwa nazunguka kule ukingoni, nikaingia porini, nikaukuta mji wa mawe. Nimefika mpaka kwenye birika. Haya ni maji yake."

Mama mkwe akasukuma kuni. Nilisikia kuni zinapasuka.

"Umefika mpaka birikani?"

"Mpaka birikani, mama."

"Peke yako?"

Nikashika ua kwa mikono miwili. Sasa, nikasema moyoni, sasa atanitaja.

"Peke yangu, mama."

Mkewe, shemeji yangu, alipiga kigelegele mpaka mbwa wakabweka. "Huyu ndiye mume! Wengine wanaoa kwa ajili ya kula!" Watu wakaja. Na mimi nilikuwa hapo, hatua chache tu, na kikohozi kimenikaa kooni, siwezi hata kukohoa. Kama ningetoa sauti pale jikoni ningekuwa mkwe asiye na adabu, na mkwe asiye na adabu mkeka wake haungoji asubuhi. Mwanyumba alilijua hilo. Alisema uongo ule kwa raha, kama mtu anayekula mbele ya aliyefungwa mdomo.

Kuanzia hapo ukawa mji wake. Aliwapeleka watu, na aliwapeleka kwa njia niliyoifyeka mimi. Nilipojaribu kuwaeleza waliniangalia kwa huruma. "Na wewe ulimsaidia, ee? Vizuri." Nikaona njia moja tu imebaki, niisafishe birika kwa mikono yangu, nitoe tope na mizoga ya popo, mpaka maji yawe ya kunyweka, na siku watu watakapokuja kuchota wanikute humo. Asubuhi ile nilimpita mwanyumba njiani. "Leo nashuka birikani na debe," nikamwambia. Akaitikia, "Haya, mwanyumba." Akaitikia! Baadaye alisema hakusikia.

Kwao na kwetu, kabla ya kuchoma shamba lililofyekwa, unalizunguka ukipiga kelele, "Tunachoma! Aliyemo atoke!" Unazunguka, unanyamaza, unasikiliza, ndipo unawasha. Nilikuwa ndani ya birika, tope mpaka mapajani, niliposikia mlio kama mvua kubwa. Nikafurahi, nikadhani mvua imewahi. Kisha moshi ukateremka ngazi kama mtu.

Mjomba alikuwa ameruhusu shamba lichomwe mapema, kwa maneno ya mwanyumba, ili Bwana DC, mzungu wa bomani aliyekwisha kupelekewa habari, apate kuuona mji vizuri. Na aliyewasha, upande wa upepo, alikuwa mwanyumba. Nilijaribu kutoka, moto ukanipokea mlangoni. Mkono wa kushoto, shingo, sikio. Nikajitupa kwenye yale maji meusi, nikakaa humo, tope limenifika puani, navuta pumzi kwenye tundu la mfereji, mpaka mlio ukaisha. Nilipotoka, mtaa wote ulikuwa wazi. Mabaraza, milango, kona, vyote vinafuka moshi, vyeupe kwa majivu, vinaonekana kutoka mbali. Na katikati yake mwanyumba amesimama na kundi la watu, ananyoosha mkono kuonyesha.

Waliponiona, wanawake walikimbia. Walidhani mwenye mji katoka kaburini.

"Mwanyumba!" alipiga kelele yeye. "Ulikuwa humo? Niliita!"

"Uliita kwa mdomo gani?"

"Niliita, jamani! Si mlinisikia?"

Wengine wakasema wamesikia. Wengine wakatazama chini. Alilia yeye kuliko mimi, akanibeba mgongoni mpaka nyumbani, na njia nzima watu wakimsifu kwa moyo wake. Alikusudia? Mke wangu aliporudi alisema hapana, mtu anaweza kusahau kwa pupa. Mimi nasema alisikia nikimwambia nashuka, na hakuzunguka. Hayo mawili yananitosha.

Bwana DC alikuja mimi nimelala juu ya majani ya mgomba, nimepakwa asali. Sikumwona, ila nilisikia motokaa na nilihadithiwa yote, maana watu wanapenda kumhadithia mgonjwa. Mwanyumba alivaa lile shati. Alimwonyesha mzungu ngazi na baraza, akamwambia ghala lilikuwa la pembe, akamwambia pete ya ukutani ni ya kufungia farasi wa mfalme. Farasi! Mlima wenyewe punda anaukataa. Mzungu alimpiga picha amesimama mlangoni, mkono kwenye ule mwimo wa maua. Alipompa mkono, watu walipiga vigelegele. Nililala upande wa sikio zima ili nisisikie, lakini lile bovu lililobaki juu lilisikia vilevile.

Mke wangu alinikuta katika hali hiyo. Alinitazama, akaketi, akaweka mzigo chini.

"Yote haya," akasema, "kwa maji ya popo?"

"Si maji. Ni mimi niliyeona kwanza."

"Mimi najua ni wewe."

"Wewe kujua hakunisaidii."

Akaudhika, na alikuwa na haki. Nilimwambia nataka kwenda kwa mama yake. Akadhani natania. Niliinuka mchana ule ule, bado napepesuka, nikauzunguka ua, nikasimama kwenye mlango wa jiko la mama mkwe. Mke wangu nyuma yangu anavuta nguo yangu, "Ee jamani, moto umemwingia kichwani huyu! Rudi, utatuaibisha!"

Mama mkwe alikuwa anakoroga kisamvu kwenye chungu. Alipoona miguu yangu alijifunika kanga kichwani, akanigeuzia mgongo.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Ningekufa pale pale. Lakini nilikwisha kuvunja, basi nikavunja chote. "Mtaa ni mimi niliyeuona. Maji ni mimi niliyeyakuta, nikakutumia neno, likabadilishwa njiani. Aliyelibadilisha ndiye aliyeniunguza. Nataka ulisikie kwa mdomo wangu, na wewe uwaambie watu."

Mwiko ulizunguka ndani ya chungu. Kisha akasema, lakini si na mimi. Alisema na chungu.

"Wewe chungu, umesikia? Mtu kaja kuniambia habari za mtaa. Mwambie mtaa ule naujua tangu sijaota meno ya pili."

Mke wangu akaniachia nguo.

"Mwambie, chungu, mama yangu mkubwa alipeleka mpira pale, ule utomvu wa porini, madonge mawili kichwani, na mimi nimeshika nguo yake. Wale watu wa pwani wakaupima, wakasema hautoshi. Wakamfunga kwenye kile chuma cha ukutani, wakanituma nikaite ndugu walete mwingine. Ndugu walikwenda mbio wakarudi na mpira. Chuma walikikuta. Yeye hawakumkuta. Msafara ulishateremka."

Akaonja kisamvu, akaongeza chumvi.

"Vita vya Wajerumani vilipowatawanya wale watu, wazee wakasema hapo hapafyekwi, pori lipale lenyewe. Na pori lilipala vizuri."

"Sasa kwa nini mkanipa mimi nifyeke?" nikauliza.

Mabega yake yakatikisika chini ya kanga. Alikuwa anacheka.

"Chungu, anauliza kwa nini yeye. Mwambie bomani walitoa agizo, pori la ukoo lisilolimwa watapewa wengine wapande mikorosho. Ikabidi tuweke mtu pale. Kaka yangu akasema, tumweke huyu wa Masasi, atakata siku chache, atakaa kivulini, mvua itamkuta hapo hapo. Yule wa Mnyambe tusimpe, yule akianza kitu anafika mwisho."

Yaani hata hapo! Nilisimama na mkono wangu uliovimba, nimeunguzwa, nimeibiwa, na bado mwanyumba ndiye mchapakazi. Hata mtaa wangu nilipewa kwa sababu walimwona yeye bora. Nilihisi moto unarudi shingoni.

"Na maji aliyokuletea?" nikauliza, maana nilitaka angalau hilo.

"Mwambie nimewapa mbuzi. Mmoja alikataa."

Furaha niliyoipata hapo sijaipata tena, wala siionei haya. Kigelegele chote kile, kibuyu chote kile, kimekwenda kwa mbuzi! Nikasema haraka, kabla haijapoa, "Basi waambie watu kwamba ni mimi."

Akaacha kukoroga.

"Chungu, mwambie mahali pale simsifii mtu. Wa kwanza na wa pili, wote wamenifukulia mama yangu. Wazungu wapige picha wanavyotaka, mimi maji nitateka bondeni." Akachochea kuni. "Lakini mkeka wake haukunjwi. Aliyeufikia mwisho wa pori lile si mvivu, tulimkosea, mimi na kaka yangu. Ila mwiko kauvunja, kanisemesha kabla sijamfungulia. Alete jogoo mweupe leo hii, jua halijazama. Asipoleta, neno la mkeka nalirudisha."

Mke wangu alianza kulia, sijui kwa hofu au kwa nafuu. Mimi nilirudi nyuma kinyumenyume mpaka uani, kama inavyotakiwa.

Jogoo mweupe sasa. Kwetu kulikuwa na kuku wekundu na mmoja wa madoadoa. Kwa mjomba, weusi. Tukazunguka nyumba kwa nyumba, mke wangu anauliza, mimi nasimama njiani na majani yangu ya mgomba, watu wanatikisa vichwa. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Nyumba yenye kuku weupe mlima mzima huo ilikuwa moja, na mke wangu aliitazama, kisha akanitazama, akasema, "Nenda mwenyewe. Mimi sisemi."

Alikuwa amekaa mlangoni anafuta baiskeli. Aliliona sikio langu, akageuza macho.

"Mwanyumba," nikasema, "naomba jogoo mweupe."

Nilikuwa nimejiandaa. Akiuliza wa nini, nitamwambia yote, chungu na mbuzi na chuma cha ukutani, nimwone uso. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Hakuuliza. Aliinuka, akatawanya mtama kidogo, akainama kati ya kuku wake, akakamata mmoja, akamfunga miguu kwa kamba. Kisha akakamata wa pili.

"Chukua wawili," akasema. "Mama anapenda mchuzi."

Watu wameniuliza kama nilikwisha kumsamehe kabla hajafa. Moto labda ningemsamehe. Mtaa labda. Lakini wale jogoo wawili, alivyowafunga vizuri, alivyonipa bila kuuliza, na mimi nikanyoosha mkono nikasema "Ahsante, mwanyumba" kwa sababu jua lilikuwa linazama, hilo sijamsamehe. Niliwapeleka wote wawili, mmoja kwa mkono mzima na mmoja kwa mkono ulioungua, na mama mkwe akawapokea kwa mkono wa mke wangu, akauliza kwa sauti ya kusifu, "Wazuri hawa, wametoka kwa nani?"